Jinsi ya kubuni mfumo wa kuachia kapsuli kutoka sakafu ya bahari: mwongozo kwa wanafunzi wa uhandisi

Vikundi vingi vya mwaka wa mwisho huanza na mchoro unaofanana: bomba refu, chupa ya hewa iliyogandamizwa chini yake, na kifaa kinachotakiwa kurushwa juu kama risasi. Mimi huwauliza swali moja tu: kifaa chenu kinaelea au kinazama? Wakisema kinaelea, nawaomba wafute chupa ya hewa. Kitu kinachoelea kimeshapewa na maji yenyewe nguvu ya kupanda. Kazi ya mhandisi ni kukishika kisiponyoke mapema, kisha kukiachia saa ikifika, bila kukwama. Hapo kwenye kuachia ndipo miradi mingi inapofia, na ndipo mwongozo huu utakapokaa zaidi.

Tutafuata mradi mmoja mwanzo hadi mwisho. Kuna fremu inayokaa sakafuni mwa bahari. Fremu imeshika kapsuli yenye sensa za joto na presha, betri, na kadi ya kuhifadhi data. Baada ya siku kadhaa kapsuli inaachiwa, inapanda, inaelea, na antena yake inatuma mahali ilipo ili mwende kuiokota. Maboya ya mpango wa kimataifa wa Argo, karibu 4,000 kwenye bahari za dunia, nayo hupanda kutoka kina cha mita 2,000 na kutuma data kwa setilaiti, ila yenyewe hupanda kwa kusukuma mafuta kwenye kifuko cha nje ili kuongeza ujazo wao. Njia hiyo ina gharama na ugumu wake. Kwa bajeti ya mwanafunzi, kushika na kuachia kunatosha.

Hatua ya 1: Andikeni masharti kabla ya kuchora

Karatasi moja inatosha: kina, muda wa kukaa chini, uzito wa vifaa, jinsi amri itakavyotolewa, na jinsi mtakavyoipata kapsuli ikishaibuka.

Kwenye kina kuna mtego. Kina kilichoandikwa kwenye ramani ya bahari hupimwa kuanzia maji yakiwa yamekupwa sana. Pwani ya Dar es Salaam au Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kwa hiyo mahali palipoandikwa mita 20 panaweza kuwa karibu mita 24 saa sita baadaye. Sisi tutabuni kwa mita 25. Walio Mwanza, Kisumu au Kigoma hawana shida ya bamvua, lakini wana shida nyingine ya maji yasiyo na chumvi, nitaifikia.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya kuelea

Tuchukue kapsuli ya bomba la PVC lenye kipenyo cha nje cha mm 110 (lile la inchi nne), urefu wa sentimita 40 pamoja na vifuniko. Ujazo wake ni lita 3.8. Maji ya bahari yana densiti ya takriban kg 1,025 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kapsuli ikizama yote inasukuma kando kg 3.9 za maji. Kapsuli yenyewe na vilivyomo ikiwa na kg 3.1, inabaki akiba ya kg 0.8, yaani nyutoni 7.8 za kuivuta juu.

Ikariri namba hiyo, 7.8, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinapimwa dhidi yake. Ni nguvu ndogo, kama uzito wa chupa ya maji ya ml 750 hivi. Kapsuli haitajitoa yenyewe kwenye kitu chochote kinachoing'ang'ania.

Kwenye maji ya ziwa akiba hiyo inashuka hadi kg 0.7. Kapsuli iliyosawazishwa Tanga itakaa chini zaidi Mwanza. Na kumbukeni namba nyingine inayotokana na hiyo: maji yakivuja ndani robo tatu ya lita na ziada kidogo, akiba yote imekwisha na kapsuli haitapanda kamwe.

Kasi ya kupanda inategemea umbo. Ikiwa vifuniko ni bapa, itatulia kwenye mita 1.4 hivi kwa sekunde. Mkiiwekea pua ya mviringo inaweza kupita mita 2. Kwa mradi huu kasi yoyote kati ya hizo ni nzuri, msipoteze wiki mbili kulainisha pua.

Hatua ya 3: Ukuta wa kapsuli

Hapa msiende kwa macho. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi mtakuta mabomba mawili ya mm 110 yanayofanana kabisa mtu akiwa mbali: la maji taka, lenye ukuta wa mm 3.2, na la maji ya presha, lenye ukuta wa mm 5.3. Bei zinatofautiana na mwanafunzi huvutwa na la bei nafuu.

Presha ya nje hailipasui bomba. Hulibonyeza mpaka likakunjamana ghafla, kama kopo la soda linavyominywa mkononi. Uwezo wa kuhimili kukunjamana unakwenda na uwiano wa unene kwa kipenyo, ukiwa umepandishwa kipeo cha tatu. Nikichukua ugumu wa PVC kuwa gigapaskali 3, bomba la mm 3.2 linakunjamana kinadharia kwenye mita 19 hivi za maji. Lile la mm 5.3 linafika karibu mita 90. Unene haujafika hata maradufu, lakini uwezo umeongezeka karibu mara tano.

Hesabu hiyo ni ya bomba la duara kamili, jipya, na la muda mfupi. Bomba lililokaa juani kwenye rundo la dukani huwa yai kidogo, na PVC iliyobanwa kwa siku nyingi hulegea. Kwa hiyo gawanyeni kwa 3. Bomba nene linabaki na mita 30, na sisi tunahitaji 25. Linatufaa. Lile jembamba liachieni choo.

Vifuniko navyo vinabeba mzigo ambao wengi hawauoni. Kwenye mita 25 presha ya maji ni takriban kilopaskali 250, na uso wa kifuniko cha mm 110 unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kg 240. Hiyo ni karibu mifuko mitano ya saruji juu ya sahani ya chai. Vifuniko vya plastiki vya kubandika kwa gundi havifai. Nendeni kwa fundi wa kukereza awachongee vifuniko vya alumini au plastiki ngumu, vyenye mfereji wa oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji.

Kuhusu oringi: ibanwe kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya unene wake, ipakwe grisi ya silikoni kidogo sana, na kabla ya kufunga mpitishe kidole kwenye mfereji mzima. Unywele mmoja, uzi mmoja wa kitambaa, au punje moja ya mchanga inatosha kupitisha maji. Mtu mmoja kwenye kikundi apewe kazi ya kufunga kapsuli, awe yeye kila mara, na asiharakishwe.

Skrubu za stenlesi kwenye alumini zikikaa baharini, alumini ndiyo inayoliwa. Wekeni wasa wa plastiki kati yake, au fungeni kipande cha zinki kwenye alumini ili kiliwe badala yake.

Hatua ya 4: Uzito ukae chini

Kapsuli ikiibuka huku imelala ubavu, antena inalala majini na mawimbi ya redio hayapiti kwenye maji ya chumvi. Mtaizunguka kwa mashua mchana kutwa huku ikielea mita mia mbili kutoka kwenu.

Kapsuli yetu ikielea inatoa nje ya maji sentimita 8 tu, na sentimita 32 zimezama. Kitovu cha kuelea kiko katikati ya sehemu iliyozama, yaani sentimita 16 kutoka chini. Kitovu cha uzito lazima kiwe chini ya hapo, na bomba jembamba namna hii halina msaada mwingine wowote wa kusimama. Lengeni sentimita 11. Betri zote ziende chini kabisa, vibao vya elektroniki juu. Pimeni kwa kuilaza kapsuli iliyofungwa juu ya penseli na kuisogeza mpaka isimame sawa. Pale penseli ilipo ndipo kitovu chake. Jaribio la dakika mbili, na linashinda mchoro wowote wa kompyuta.

Hatua ya 5: Maji yapate njia ya kuingia

Hatua hii isomeni mara mbili.

Kikundi kimoja nilichokisaidia kiliunda bomba la kuachilia lililonyooka vizuri, laini ndani, limezibwa chini, na kapsuli ikiingia humo kama pistoni kwenye silinda. Nchi kavu, ukiligeuza, kapsuli iliteleza ikatoka. Bwawani kipingo, kile kinachoishika kapsuli mpaka iachiwe, kilifunguka, sote tulisikia, na kapsuli ikabaki pale pale. Walidhani kipingo kimekwama. Wakabadilisha springi, wakabadilisha mota. Ilichukua wiki kugundua kwamba kipingo hakikuwa na kosa.

Fikirini kinachotokea. Kapsuli ikipanda sentimita moja, chini yake inaacha nafasi ya sentimita moja. Nafasi hiyo lazima ijazwe na maji papo hapo. Ikiwa maji hayana pa kupita, presha chini ya kapsuli inashuka na maji ya juu yanaikandamiza irudi. Ni kama kutoa sindano ya hospitali huku umeziba tundu kwa kidole.

Tuweke namba. Kapsuli yetu ikitoka kwa mita 1 kwa sekunde, inahitaji lita 9.5 za maji kila sekunde ziingie nyuma yake. Tuseme bomba lina kipenyo cha ndani cha mm 120, yaani mwanya wa mm 5 kuizunguka kapsuli, jambo linaloonekana la ukarimu. Eneo la mwanya huo ni kama moja ya tano tu ya eneo la kapsuli, kwa hiyo maji yangehitaji kupita pale kwa zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Kuyasukuma hivyo kungedai zaidi ya nyutoni 130, na sisi tunazo 7.8. Kapsuli itatoka, lakini kwa robo mita kwa sekunde hivi. Mwanya ukiwa mm 1, itatambaa kwa sentimita 5 kwa sekunde au pungufu, na tope kidogo litaisimamisha kabisa.

Dawa yake ni nyepesi. Acheni bomba, tengenezeni kizimba. Fito nne za fiberglasi au stenlesi zilizosimama, zimeshikwa na pete mbili pana, na kapsuli inakaa katikati ikiwa na nafasi ya mm 8 kila upande. Chini yake pawe wazi. Kapsuli iketi juu ya msalaba mwembamba, isikae kwenye sahani. Kitu bapa kilichokaa juu ya kitu bapa kwenye tope hunata, na kunata huko peke yake kunaweza kushinda nyutoni 7.8.

Kama msimamizi wenu anashikilia kuwe na bomba, toboeni matundu chini yake ambayo jumla ya eneo lake si pungufu ya eneo la kapsuli yenyewe, sentimita za mraba 95. Kwa matundu ya mm 40 ni nane. Pimeni hata hivyo, kwa sababu matundu huzibwa na mwani.

Wengi huogopa mwinamo: fremu ikitua kwenye jiwe, kapsuli itagandia ubavuni? Hesabu inatuliza moyo. Kwa mwinamo wa nyuzi 15, kapsuli inaegemea fito kwa nyutoni 2 tu, na msuguano wake ni kama nyutoni 0.6. Kinachokwamisha ni kona na vitu vilivyotokeza: kichwa cha bolti, jicho la kamba, antena iliyopinda, ukingo wa kifuniko ulioachwa mkali. Kabla ya kila jaribio mtu apitishe soksi ya zamani juu ya kapsuli nzima na ndani ya kizimba. Soksi ikinasa mahali, hapo pana kazi ya tupa.

Hatua ya 6: Kipingo

Njia ni nyingi. Nitataja mbili ninazoziamini kwa wanafunzi.

Ya kwanza ni mota ndogo ya servo inayovuta pini. Faida yake ni kwamba mnaweza kuijaribu mara mia kwa siku moja. Ubaya ni kwamba lazima mhimili upite ukutani mwa kapsuli ya elektroniki, na kila tundu ukutani ni mlango wa maji. Msiiache pini ibebe mzigo wote: tumieni wenzo wenye uwiano wa 5 kwa 1, ili nyutoni 7.8 za kapsuli ziwe 1.6 kwenye pini, na msuguano wa kuivuta uwe nusu nyutoni. Hapo hata servo ya bei ndogo inafanya kazi kwa raha.

Ya pili ni waya unaoliwa na umeme, na ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haina kitu kinachosogea hadi dakika ya mwisho. Kapsuli inashikwa na waya wa stenlesi wa mm 0.5. Waya wote umefunikwa kwa epoksi isipokuwa mm 5 katikati. Amri ikitoka, upande chanya wa betri unaunganishwa na waya, upande hasi na kibamba cha stenlesi kilicho karibu. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, na chuma cha sehemu iliyo wazi kinayeyuka mpaka waya unakatika.

Muda wake unahesabika. Milimita 5 za waya huo zina uzito wa miligramu 7.8 hivi. Kwa sheria ya Faraday, kuyeyusha chuma hicho chote kunahitaji kulomu 27. Kwa ampea 0.1, ni dakika nne na nusu. Kwa kawaida waya hukatika kabla haujaisha wote, kwa kuwa mahali pamoja huliwa zaidi. Waya mzima wa namna hiyo unaweza kubeba karibu kg 10, kwa hiyo hautakatika wenyewe kwa mzigo wetu.

Mambo matatu yanaharibu njia hii. Kwanza, kugeuza nyaya: chanya kikienda kwenye kibamba, kibamba ndicho kitakacholiwa na waya utabaki. Pili, kujaribu kwenye maji ya bomba au ya bwawa la kuogelea. Hayana chumvi ya kutosha, mtasubiri hadi jioni na mtadhani mmekosea saketi. Changanyeni gramu 35 za chumvi kwa kila lita, yaani kg 3.5 kwenye pipa la lita 100, na mfanyie nje penye hewa, kwa sababu gesi ya hidrojeni hutoka kwenye kibamba. Wenzetu wa maziwa makuu warudi kwenye servo. Njia hii si yao. Tatu, kuacha sehemu ya wazi iwe ndefu kupita kiasi. Muda unaongezeka na betri inaisha.

Mkitaka nyaya mbili kwa usalama, jiulizeni kwanza mnaogopa nini. Kama hofu yenu ni kapsuli kutoachiwa, zifungeni zikifuatana kama pete za mnyororo: yoyote ikikatika, kapsuli inaondoka. Kama hofu ni kuachiwa mapema, zifungeni sambamba, ili zote mbili zikatike ndipo iondoke. Mradi wetu una data ambayo tunaitaka irudi, kwa hiyo tunachagua mnyororo. Andikeni uchaguzi huo kwenye ripoti na sababu yake, maana mtaulizwa siku ya kutetea mradi.

Ongezeni springi moja fupi ya stenlesi chini ya kapsuli, ya nyutoni 20 ikiwa imebanwa. Kazi yake ni kuvunja ule mnato wa mwanzo, si kurusha. Sentimita 3 za mwendo zinatosha.

Hatua ya 7: Nani anatoa amri

Bluetooth na Wi-Fi hufa ndani ya sentimita chache za maji ya bahari. Vifaa vya kuachilia kwa sauti vipo, watafiti wa bahari wanavitumia kila siku, lakini bei yake inameza bajeti nzima. Tumieni saa. Moduli ya saa yenye kristali ya kawaida inayokosea sehemu 20 kwa milioni hupotea chini ya sekunde 2 kwa siku, na sisi hatuhitaji hata usahihi wa dakika.

Saa peke yake haitoshi. Wekeni sababu nyingine mbili za kuachia: volti ya betri ikishuka chini ya kiwango mlichopanga, na maji yakionekana ndani. Sensa ya maji ni nyaya mbili tupu chini kabisa ya kapsuli. Zikiunganishwa na tone la maji ya chumvi, programu inaachia papo hapo. Mna robo tatu ya lita ya muda, na waya unahitaji dakika nne, kwa hiyo tone la kwanza ndilo la kusikiliza.

Betri ya kuachia iwe tofauti na betri ya sensa.

Hatua ya 8: Fremu na nanga

Zege hupoteza uzito mwingi majini kuliko watu wanavyodhani. Kg 30 za zege nchi kavu ni kg 17 tu baharini. Chuma kinapoteza kama asilimia 13.

Sasa mkondo. Fremu yenye uso wa mita za mraba 0.2 kwenye mkondo wa nusu mita kwa sekunde inasukumwa kwa nguvu ya kg 3 hivi. Mkondo ukiwa mita 1, nguvu inakuwa mara nne, kg 12 na zaidi. Kg 17 juu ya mchanga hushika kama nusu yake, kg 8.5. Kwa hiyo fremu hiyo inakaa vizuri maji yakiwa mafu na inaburuzwa yakiwa ya bamvua. Ongezeni miguu yenye ncha inayozama mchangani, au zege maradufu. Fremu iwe pana na fupi.

Na isitupwe baharini milele. Fungeni kamba inayolala sakafuni kwa mita 30 hadi kwenye nanga ndogo ya pili, muandike mahali pa zote mbili. Mtainasa kwa ndoano kapsuli ikishapanda.

Hatua ya 9: Majaribio, kwa mpangilio huu

Mezani kwanza. Ning'inizeni uzito wa kg 0.8 kupitia kapi ili uvute kama maji yatakavyovuta, muachie mara 30. Mara 30 mfululizo bila kosa zinawapa haki ya kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba kiwango cha kushindwa hakizidi asilimia 10. Mkitaka asilimia 5, fanyeni mara 60. Likitokea kosa moja na mkalirekebisha, hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Wanafunzi hawapendi sharti hili. Mimi silegezi.

Kisha kapsuli tupu. Wekeni ndani vipande vya chuma vya uzito uleule na karatasi ya chooni kavu kwenye kila kifuniko, mfungie jiwe na kamba, mshushe mita 25 au zaidi mahali salama, ilale huko usiku kucha. Asubuhi karatasi itawaambia si tu kama maji yameingia, bali yameingia upande gani.

Msijaribu kapsuli kwa kuijaza hewa ya kompresa. Hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu nyingi na PVC ikipasuka hutawanyika vipande vyenye ncha. Tumieni maji.

Halafu bwawani, mfumo mzima, kwa fremu iliyosimama wima, iliyoinama nyuzi 15, na iliyomwagiwa mchanga. Rekodini kwa kamera ya chini ya maji. Kinachotokea kwenye nusu sekunde ya kwanza hakionekani kwa macho.

Hatua ya 10: Siku ya bahari

Chagueni maji mafu, karibu na saa ambapo mkondo unasimama, na ikiwezekana kipindi cha tangambili, kabla kusi au kaskazi haijakolea. Pitieni kwa kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa fukwe, BMU, siku kadhaa kabla. Watawaambia nyavu ziko wapi, na mara nyingi wanajua sakafu ya pale kuliko ramani. Visiwa kama Bongoyo na Mbudya viko ndani ya maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo huko mnahitaji kibali kwanza.

Pimeni kina wenyewe kwa bildi kabla ya kushusha chochote. Shusheni fremu kwa kamba, msiitupe. Mara ya kwanza kapsuli iwe imefungwa kamba nyembamba ya akiba inayofika juu.

Muda wa kuachia ukikaribia, mashua isiwe juu ya fremu na mzamiaji asiwe majini. Kapsuli ya kg 3 inayopanda kwa mita 2 kwa sekunde inaweza kuvunja taya. Kaeni mita 30 hivi, upande ambao mkondo unaelekea. Kutoka mita 20 kapsuli inatumia sekunde 10 hadi 15 kupanda, na mkondo wa mita 0.3 kwa sekunde utaisogeza mita 3 hadi 5 tu kabla haijaibuka. Rangi ya chungwa kwenye sehemu ile ya sentimita 8 inayobaki juu itawasaidia zaidi ya GPS.

Mkiiokota, msiifungue haraka. Kama maji yaliingia chini, ndani kunaweza kuwa na presha, au gesi ya betri iliyolowa. Geuzeni kifuniko upande usio na mtu, legezeni skrubu ya kutolea hewa kwanza, msikilize. Ikinyamaza, ioshwe kwa maji matamu, ikaushwe, kisha yule yule mliyempa kazi ya kufunga ndiye aifungue, na kadi ya data itoke kabla ya kitu kingine chochote.